Nukta Anaharibu Hadithi Yangu

Jumatatu, 4 Machi

Laiki arobaini na moja! Nimehesabu mara mbili, na moja kati ya hizo ni yangu mwenyewe.

Sehemu ya 24 ya hadithi yangu, "Jicho la Mkwe", nimeirusha saa moja asubuhi kwenye ukurasa wetu wa hadithi, kabla hata sijafungua mlango wa kliniki ya meno ninakokaa mapokezi. Sehemu kali. Sehemu ya machozi. Bi Funguo, yule mama mkwe katili, anamfungia mkwewe sabuni kabatini asioge siku ya usaili. Nimeiandika kwa pumzi moja, kutoka kituo cha basi mpaka mezani kwangu. Kufika saa tatu, watu arobaini na moja.

Na chini yake, kwenye komenti, yuko yeye. Nukta! Ndivyo anavyojiita. Picha yake hakuna, ameweka kikombe cha chai. Kila nikirusha sehemu, huyu mtu anaichukua yote, anaikata aya, anaitia herufi kubwa na mikato, anafungua na kufunga maneno ya wasemaji, kisha anaibandika palepale chini ya yangu, bila hodi, na maneno haya: "Imepangwa upya kwa usomaji rahisi." Leo amepata laiki mia sita na kumi na mbili. Kwa hadithi yangu! Wasomaji hawasomi tena juu. Wananiruka kama dimbwi, wanatua kwa Nukta.

Niseme wazi hapa, maana hapa hakuna wa kunikatiza. Mimi siachi nukta kwa kutojua. Naziacha kwa makusudi. Nukta inamsimamisha msomaji. Akisimama anafikiri. Akifikiri anakumbuka ameacha chungu jikoni, anaondoka. Mimi sitaki aondoke. Hiyo inaitwa sanaa, lakini nani wa kuelewa?

Saa nane admini wa ukurasa akaniandikia. Amesema Jumamosi saa sita mchana atabandika hadithi moja juu kabisa ya ukurasa, ikae hapo mwezi mzima, na wasomaji wamechagua "Jicho la Mkwe". Nikarukaruka mpaka mgonjwa mmoja akauliza kama na mimi nimeng'olewa jino. Kisha nikasoma mstari wa pili. Kwamba itakayobandikwa ni ile ya Nukta. Kwamba jina la juu litakuwa Nukta, isipokuwa mimi mwenyewe nikirusha sehemu tatu safi kabla ya siku hiyo. Na kwamba mimi nitatajwa chini, kwa maandishi madogo, kama "mleta wazo".

Mleta wazo! Miaka sita nimeandika kwa kidole gumba mpaka kimeota sugu. Jina langu halijawahi kuwekwa juu ya kitu chochote isipokuwa barua ya onyo. Jumamosi litakuwa juu: Radi ya Kalamu. Nimeapa.

Nyumbani hakuna anayejua kuwa Radi ya Kalamu ni mimi, na hawatajua. Sababu ni moja. Mama mkwe wangu, ambaye namwita Mama tu, tunaishi naye. Alikuja kutibiwa goti wiki mbili. Huu ni mwezi wa kumi na moja. Na Bi Funguo nimemtoa kwake mzimamzima: funguo za kabati kifuani, mche wa sabuni unaokatwa vipande vinne kwa uzi, goti la kushoto linalouma vyombo vikiwa vichafu na kupona tamthilia ikianza. Mke wangu akiniona nimeinamia simu anadhani naangalia mpira. Na aendelee kudhani.

Jumanne, 5 Machi

Mpango wa kwanza. Nukta amekula bloku, haoni tena ninachorusha! Kubonyeza mara mbili tu. Sijui kwa nini sikufikiria mapema.

Saa mbili nikarusha sehemu ya 25, nikakaa kitako kusubiri laiki zirudi kwa mwenyewe. Komenti ya kwanza: Nukta yuko wapi? Ya pili: Nukta anaumwa? Ya tatu, mtu amesoma mistari sita akapata kizunguzungu, anaomba msaada. Mwingine akauliza anayeongea hapo ni Bi Funguo au ni mbuzi. Hakuna mbuzi kwenye hadithi! Saa tano zilikuwa komenti themanini na tisa, zote za kumlilia Nukta, na kuna mama mmoja ameanza kumwombea. Saa sita nimemfungulia. Saa sita na robo alishabandika sehemu nzima, aya kumi na tisa, watu wanamtupia mioyo.

Mpango wa pili. Kama ni sarufi wanayotaka, basi na waipate. Duka la vifaa vya shule liko mlango wa pili kutoka kliniki. Nimechukua kijitabu cha sarufi, nikakisoma chini ya meza kati ya mgonjwa na mgonjwa. Kurasa thelathini na mbili. Mambo ya watoto! Sentensi ianze kwa herufi kubwa. Iishe kwa nukta. Akibadilika msemaji, anza mstari mpya. Wazo jipya, aya mpya. Mkato uwekwe pale msomaji anapovuta pumzi.

Hapo nikakwama. Mimi nitajuaje msomaji anavuta pumzi wapi? Kuna wenye pumu, kuna wakimbiaji. Nikaona nisibahatishe. Mkato mmoja kila baada ya maneno matatu, kama dozi. Nikairudia sehemu ya 25 yote, nikairusha tena, nikakunja mikono.

Komenti ya juu kabisa iliuliza kama mwandishi ana kwikwi. Komenti hiyo peke yake ina laiki mia mbili! Saa moja baadaye Nukta akabandika toleo lake, na juu yake mstari mmoja: "Nimeondoa mikato 212. Mwandishi apumzike."

Nipumzike! Mimi! Daktari alitoka chumbani na glavu zake akauliza nani anapiga meza. Nikasema ni mgonjwa. Akatazama viti. Hapakuwa na mgonjwa.

Jumatano, 6 Machi

Siku hii sitaisahau.

Asubuhi nilikuwa na mpango wa tatu, na ulikuwa mzuri. Nukta anapenda kupanga? Basi apange mpaka achoke. Sehemu ya 26 nimeikata vipande kumi na kimoja, nikavirusha ovyo: cha saba kwanza, cha pili mwisho, cha nne mara mbili, cha tisa sikumbuki. Nikacheka peke yangu. Nikajiona nina akili.

Saa nne umeme ukakatika kliniki. Daktari akasema hawezi kuchimba jino kwa mdomo, turudi nyumbani. Nikafika kwangu, mlango uko wazi, na sebuleni nasikia ta-ta-ta-ta-ta, haraka haraka, bila kituo. Nikachungulia.

Mama. Meza ya kulia chakula. Miwani moja machoni, nyingine kichwani. Tableti ya mke wangu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, mbele yake kibodi, vidole vyote kumi vinacheza na macho hayaangalii chini. Mezani kuna vipande vya karatasi kumi na kimoja, kila kimoja na namba yake, vimepangwa kwa safu. Na kando yao kikombe cha chai. Kile kikombe! Nakijua. Nimekichukia wiki tatu nzima.

Nilishasahau kabisa. Kabla ya kustaafu Mama alikuwa mpiga chapa mkuu, miaka thelathini na miwili ofisi moja, na mabosi wanne walistaafu wakimwogopa.

Akaniambia nikae. Nikakaa. Akasema anamsaidia mtu fulani huko mtandaoni, maskini, anaandika kama anakimbizwa na nyuki. Leo amevuruga vipande vyote, labda ana homa. Akasema na hadithi yenyewe inamchekesha, kwa sababu huyo Bi Funguo ni dada yake mkubwa mtupu! Zile funguo! Ile sabuni! Alicheka mpaka akavua miwani zote mbili. Na huku anacheka akatia mkono kifuani, akatoa funguo, akafungua kabati, akanipimia sukari kijiko kimoja, akafunga.

Kisha akaniuliza kama namfahamu huyo Radi ya Kalamu. Nikajikausha. Nikasema mimi sisomi upuuzi.

Mama aliweka kikombe chini. Akasema si upuuzi. Akasema yule mtu ana hadithi tumboni, Mungu kamjalia, na sehemu ya 9 ilimliza hapohapo jikoni na vitunguu havikuwepo. Akasema kinachokosekana ni mtu wa kumshika mkono tu.

Miaka saba ya ndoa! Mama hajawahi kunisifu kwa lolote. Siku nilipotengeneza bomba alisema maji nayo yana huruma. Leo amenisifu ana kwa ana, mimi nimekaa mbele yake, na siwezi hata kusema asante. Niliingia bafuni nikafungulia maji nikasimama tu. Nikatabasamu kwenye kioo. Halafu nikakumbuka lile la kushikwa mkono, damu ikanichemka upya. Kushikwa mkono mimi, kama mtoto anayevushwa barabara!

Na admini ametuma ukumbusho. Jumamosi, kabla ya kubandika, ni simu ya video, watu watatu, yeye, Nukta na mimi, majina halisi na sura halisi. Nikidai hadithi ni yangu, Mama atajua Bi Funguo ni nani. Nisipodai, jina langu limekwenda na maji.

Alhamisi, 7 Machi

Nimelipata! Tena kwa mswaki mdomoni.

Kosa la Bi Funguo ni moja tu: ni mwanamke. Akiwa mwanamume, Mama hahusiki. Nitadai hadithi yangu kifua mbele, na Mama atapiga makofi na wengine. Simu yangu ina kile kitufe cha kubadilisha neno popote lilipo. "Bi Funguo" liwe "Bwana Funguo". "Mama" liwe "baba". Sehemu zote ishirini na sita, dakika nne. Nikazirusha upya zote kabla ya mgonjwa wa kwanza, na maelezo mafupi kwamba mwandishi ameitia hadithi sura mpya. Sikuzisoma tena. Mtu anayerudia kusoma kazi yake mwenyewe hajiamini.

Saa kumi alasiri. Sijui nianzie wapi.

Bwana Funguo amevaa gauni la maua. Bwana Funguo anapaka wanja. Bwana Funguo anakumbuka uchungu aliopata akimzaa binti yake, na wodi ya akina baba waliojifungua ikiwa imejaa. Haya yote ningeyatetea, mwandishi ana uhuru wake. Lakini hiki kitufe ni mnyama! Kimelikuta "mama" ndani ya "akasimama". Sehemu ishirini na sita hakuna mtu aliyesimama. Wote wanasibaba. "Bwana Funguo akasibaba mlangoni." "Basi likasibaba ghafla." "Moyo wake ulikaribia kusibaba." Nimehesabu mia na arobaini na tatu.

Mwenye kutengeneza simu kama hizi angeshtakiwa.

Ijumaa, 8 Machi

Nchi nzima imesibaba.

Komenti elfu mbili. "Nimesibaba hapa nasubiri sehemu ya 27." "Jamani tusibabe imara." Asubuhi ameingia mgonjwa nisiyemjua, shavu limevimba, nikamwonyesha kiti, akasema kwa shida kwamba jino linampiga sana, afadhali asibabe. Nilimwandikia namba ya mwisho kwenye foleni. Nimefika nyumbani, mke wangu akauliza mbona nimesibaba mlangoni, akacheka mpaka akashika ukuta. Nikamuuliza neno hilo amelitoa wapi. Kwa Mama, akasema. Mama ameshinda mezani tangu jana alasiri na leo kutwa, amezipanga upya zote ishirini na sita.

Na juu ya zote ameandika: "Msiwe na hofu. Nimemrudisha mama mahali pake." Laiki elfu moja na mia nne!

Admini ameniambia kwamba ukurasa haujawahi kupata wasomaji wengi hivi. Nikasema ni kawaida yangu. Akasema anamshukuru Nukta. Akasema pia kwamba bado hajaona sehemu hata moja safi kutoka kwangu, kwa hiyo kesho saa sita nije tumalizane, na nisipotokea jina linakwenda kwa Nukta bila mjadala.

Nitatokea. Na Mama hatanijua. Mimi ni mtu wa kliniki, au nimesahau? Barakoa ipo, kofia ya upasuaji ipo, miwani ya kinga ipo. Nimejaribu sauti nzito mbele ya kioo cha chooni. Daktari akabisha hodi akauliza kama natapika.

Jumamosi, 9 Machi

Saa sita kasoro tano. Chumba cha picha za meno, mlango nimeufunga. Barakoa, kofia, miwani. Nimebakiza nyusi tu.

Simu ikaita. Admini, kumbe ni kijana mwembamba mwenye kofia ya sufu. Na Mama. Gauni la maua, hereni, poda. Amekaa sebuleni kwangu, na nyuma ya kichwa chake, ukutani, picha yangu ya harusi na meno yangu yote nje!

Nikajitambulisha kwa sauti nzito. Nikasema mimi ndiye Radi ya Kalamu, ni daktari wa upasuaji, nimetoka chumba cha operesheni kwa dharura. Nikasema hadithi ni yangu tangu neno la kwanza. Nikasema huyo Bi Funguo nimembuni kutoka kichwani na hafanani na mtu yeyote aliye hai, hasa hasa mwenye goti.

Mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akamwambia admini amwombe huyo daktari avue barakoa, maana jasho linamchuruzika na ni mkwe wake, akizimia huko nani atamleta nyumbani. Na akirudi apitie dukani alete chumvi.

Nilitaka sakafu inimeze. Admini akauliza kama tunafahamiana. Mama akasema amejua tangu sehemu ya 4. Mche wa sabuni unaokatwa kwa uzi! Akasema wanaokata sabuni hivyo wamebaki wachache, na mkwe anayekaa kutazama bila kusaidia ni mmoja tu. Yale ya Jumatano, kwamba Bi Funguo ni dada yake, aliyasema aone uso wangu, na aliuona.

Nikavua barakoa. Nikamuuliza sasa kama alijua, kwa nini alikuwa anazipanga sehemu zote, na zote ni za kumsema yeye. Mama akasema kama ni kusengenywa, basi asengenywe kwa aya zilizonyooka. Miaka thelathini na miwili hakuna karatasi chafu iliyopita mikononi mwake, na haitaanza na hiyo yenye habari zake. Kisha akamgeukia admini, akamwambia kwa ile sauti iliyostaafisha mabosi wanne: "Andika Radi ya Kalamu hapo juu. Mimi ni mpiga chapa tu. Hadithi ni ya kijana wangu."

Kijana wangu. Nililia ndani ya miwani ya kinga mpaka ikaingia ukungu. Sioni aibu kuandika.

Nilipofika nyumbani nilimshika mikono yote miwili nikamwomba radhi. Akasema yamekwisha, ila ana maombi mawili. La kwanza, kila sehemu ipite mezani kwake kabla sijairusha. La pili, Bi Funguo asife. Nimfanye mchoyo, nimfanye mwenye gubu, nimtie ndevu nikitaka, lakini nisimuue. Alianza kulisema hilo kwa kucheka, halafu hakucheka. Akasema kwa umri wake, na hili goti, mtu akisoma kifo chake kimeandikwa na mtoto wa nyumbani, kinamkaa moyoni.

Nimeapa mbele yake na mbele ya mke wangu. Na nilikuwa namaanisha. Jina langu liko juu ya ukurasa. Nimekuwa mtu mpya.

Jumapili, 10 Machi

Jina langu liko juu. Nimefungua ukurasa mara thelathini kuhakikisha. Radi ya Kalamu! Herufi nene!

Lakini nimesoma komenti. "Hongera Nukta." "Nukta umetuheshimisha." "Tunamshukuru Nukta na yule mwenzake." Mwenzake! Nani mwenzake? Nimekuwa mchukua begi?

Halafu admini ameniandikia kwamba sehemu ya 27 ndiyo ya kwanza tangu tubandikwe juu, kwa hiyo iwe na kishindo. Na wapo wanaosema hadithi imepoa. Imepoa! Nikakaa nikafikiri kishindo kinatoka wapi. Nimezunguka kote, nimefikiria moto, nimefikiria pacha aliyepotea. Kishindo ni kimoja tu.

Nimelitazama jambo hili kwa haki kabisa. Niliyemuahidi ni Mama. Bi Funguo sikumuahidi kitu. Bi Funguo ni mtu wa karatasi, hana goti, hana moyo wa kukaliwa. Na hilo la kupitisha kila sehemu mezani kwa mtu, niulize tu: mwandishi ni nani hapo? Jina lililo juu ni la nani? Mwenye jina akiomba ruhusa, jina ni la nini?

Mchana Mama aliuliza kama sehemu ya 27 iko tayari aitazame, ameshaandaa meza. Nikasema bado. Ilikuwa mfukoni.

Saa tisa Mama alijinyoosha kidogo kupumzisha goti. Nikairusha. Bi Funguo amekanyaga kipande cha sabuni kwenye ngazi, cha kwake mwenyewe, akaporomoka vidato kumi na viwili. Nimeandika yote aya moja, bila nukta hata moja, kwa sababu kifo hakisimami. Ni kazi yangu bora kuliko zote. Nimelia mwenyewe.

Jumatatu, 11 Machi

Hakuna komenti ya Nukta!

Nimesubiri tangu jana. Saa kumi, hakuna. Saa moja asubuhi, hakuna. Sehemu ya 27 imekaa kama nilivyoiandika, haijaguswa hata herufi. Kwa mara ya kwanza, mpiga chapa wa miaka thelathini na miwili ameisoma kazi yangu na hakuona cha kusahihisha. Nilijua siku itafika.

Laiki kumi na saba. Wengi wanauliza Nukta yuko wapi na ni nani aliyeanguka. Saa tano admini ameitoa hadithi yangu juu ya ukurasa, ati wasomaji wanalalamika hawaelewi. Mwezi mzima aliahidi, imekaa siku mbili! Wivu huo. Kijana mwenyewe anavaa kofia ya sufu kwenye joto.

Mama ameondoka asubuhi kwenda kukaa kwa dada yake, yeye na begi lake na kibodi yake. Ameniaga kwa heshima zote. Ameniita baba, kama siku ya harusi, amesema nijitunze. Hajataja hadithi hata kidogo. Nadhani goti linamsumbua.

Mke wangu hajanisemesha tangu jana jioni. Nimemuuliza chumvi iko wapi, amenyoosha kidole. Nimemuuliza kama ameisoma sehemu ya 27, amenitazama mpaka nikaangalia pembeni. Kununa kwa namna hii sijawahi kukuona kwenye hadithi yoyote. Kuna kitu hapa.

Kwa hiyo sikai kulia. Mwandishi wa kweli hafi na ukurasa mmoja. Nimechukua leo ruhusa ya kuumwa jino, daktari amekasirika, nimekaa mezani, mahali palepale pa Mama, na nimeanza hadithi mpya. Inahusu mke aliyeacha kuongea na mumewe bila sababu yoyote. Nimeshaandika ukurasa mzima kwa pumzi moja. Mke wangu amepita nyuma yangu sasa hivi, akainama, akasoma mistari miwili, akaingia chumbani akafunga mlango kwa ufunguo.

Vizuri sana. Hiyo ni sehemu ya pili.